Mabingwa wa Kushika Metali

Mkulima wa kahawa anaujua mrututu kwa rangi yake, ile bluu inayobaki kwenye majani, kwenye ndoo na kwenye kucha za aliyepuliza dawa. Pasha punje zake moto taratibu na bluu yote inatoka, unabaki unga mweupe. Dondosha tone moja la maji na bluu inarudi papo hapo. Shaba ni ileile, haikupungua wala haikuongezeka. Kilichotoka na kurudi ni maji, ambayo yalikuwa yameizunguka kila ioni ya shaba huku oksijeni zake zikiielekea.

Molekuli au ioni inayoishika metali namna hiyo huitwa ligandi. Ina jozi ya elektroni ambayo haijatumika, na ioni ya metali, yenye chaji chanya na nafasi tupu, huipokea jozi hiyo. Kinapatikana kifungo ambacho elektroni zake zote mbili zimetolewa na upande mmoja. Metali pamoja na ligandi zake huwa ioni changamano, kitu kipya chenye umbo lake, rangi yake na tabia yake. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyewahi kudondosha amonia kwenye myeyusho wa mrututu ameyaona haya kwa macho yake: kwanza hutokea mashapo ya bluu hafifu, kisha akizidisha matone mashapo yanayeyuka na bluu inakolea hadi ncha ya kidole nyuma ya kioo haionekani. Amonia nne zimechukua nafasi za maji.

Naamini mtu akitaka kujua metali fulani itafanya nini, itaponya au itaua, itang'aa au itafifia, aulize kwanza imeshikwa na nani. Rekodi zilizokusanywa hapa zimechaguliwa kwa swali hilo.

Ya kale kuliko zote za maabara

Rangi inayoitwa bluu ya Prussia ilipatikana Berlin kwa bahati, karibu mwaka 1706, mikononi mwa mtengeneza rangi Johann Jacob Diesbach. Alikuwa akitafuta nyekundu. Potashi aliyoitumia ilikuwa imechafuliwa na mafuta yaliyotokana na damu ya wanyama, na badala ya nyekundu akapata bluu nzito ambayo wachoraji wa Ulaya waliing'ang'ania kwa karne mbili zilizofuata. Ndani yake mna chuma kilichoshikwa na sainaidi.

Neno sainaidi linatisha, na ni haki litishe. Lakini katika bluu hii kila sainaidi imebanwa na chuma kwa nguvu kiasi kwamba mtu anaweza kuimeza kama dawa. Ilifanyika hivyo Goiânia, Brazil, mwaka 1987, pale mashine ya mionzi iliyotelekezwa ilipovunjwa na unga wa sizi (cesium) yenye mionzi ukasambaa majumbani. Watu wanne walifariki. Makumi ya wengine walipewa vidonge vya bluu ya Prussia, ambayo hunasa sizi ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni kabla haijarudi kwenye damu. Rangi ya wachoraji ikawa tiba ya ajali ya mionzi.

Hoja kubwa kuliko zote kwa vifaa duni kuliko vyote

Mwaka 1893 hakuna aliyekuwa na chombo cha kuona atomu zimekaaje. Alfred Werner, kijana wa miaka 26 aliyefundisha Zürich, alikuwa na chumvi za kobalti na amonia, na swali lililowashinda wakubwa wake. Kobalti, klorini tatu na amonia sita hutoa chumvi ya rangi ya chungwa. Toa amonia moja, inakuwa zambarau yenye wekundu. Toa ya pili, unapata aina mbili tofauti, moja ya kijani na nyingine ya urujuani, ingawa viambato ni vilevile.

Jaribio la kuzipambanua ni rahisi hata kwa maabara ya shule. Weka nitrati ya fedha kwenye myeyusho wa kila chumvi, klorini iliyo huru itashuka kama mashapo meupe. Chumvi ya kwanza iliachia klorini zote tatu, ya pili ikaachia mbili, na zile za amonia nne zikaachia moja tu. Klorini zilizogoma kushuka zilikuwa wapi? Werner akasema zimeishika kobalti yenyewe, kwamba kobalti huzungukwa na ligandi sita kila wakati, zikiwa zimekaa kwenye pembe sita za umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Kwa umbo hilo, amonia nne na klorini mbili zina njia mbili tu za kupangwa: klorini zikiwa jirani au zikiwa pande zinazokabiliana. Ndiyo maana kuna kijani na urujuani.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, na sifa zake zinastahili kutajwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya vipimo alivyovitegemea Werner ilitoka kwenye kazi makini ya Jørgensen huyohuyo. Werner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Wabishi waliobaki walidai kwamba baadhi ya ushahidi wake ulitokana na kaboni iliyokuwa ndani ya ligandi, si na metali. Mwaka 1914 akawajibu kwa kutengeneza ioni changamano ya kobalti nne isiyo na hata chembe moja ya kaboni, akaitenganisha katika maumbo mawili yanayolingana kama mtu na taswira yake kiooni. Baada ya hapo hapakuwa na la kubishania.

Wachache kabisa, wengi kabisa

Sita ndiyo idadi iliyozoeleka, na nne inafuata. Rekodi ziko pembeni.

Dhahabu hutosheka na mbili. Ioni yake hushikwa na sainaidi mbili, moja kila upande, zote kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mshiko huo ni thabiti mno: kipimo chake cha uthabiti ni kama 1 ikifuatiwa na sifuri 38. Dhahabu tupu haiozi wala haipati kutu, lakini ikiwekwa kwenye maji yenye sainaidi na hewa inayeyuka. Oksijeni huinyang'anya elektroni, na sainaidi huikamata ioni kabla haijarudi kuwa metali. John Stewart MacArthur na ndugu wawili Forrest wa Glasgow waliipatia hataza njia hii mwaka 1887, na ndiyo inayotumika mpaka leo kwenye migodi mikubwa kama Geita.

Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa nao wanaijua vizuri. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na dhahabu ya mwanzo kukamatwa kwa zebaki, mchanga unaobaki, yaani marudio, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua. Humo hulowekwa kwenye matanki ya sainaidi kwa siku kadhaa, dhahabu ikinaswa na kaboni na kaboni ikipelekwa kwenye mtambo wa elusheni unaoibandua dhahabu. Mtu akisimama kando ya tanki ataona mifuko ya chokaa, na chokaa hiyo si ya kupambia. Maji yakipoteza ubesi, sainaidi hujiunga na haidrojeni na kupaa kama gesi inayoua kwa dakika chache. Kwa hiyo pH hutunzwa juu ya 10 muda wote. Na pale marudio yanapobeba mabaki ya zebaki, kuna hatari ya pili: sainaidi huishika zebaki pia na kuiyeyusha, ikaenda na maji badala ya kubaki chini. Kuchanganya njia hizo mbili ni jambo ambalo mkataba wa Minamata kuhusu zebaki unazitaka nchi zilikomeshe, na mimi nasema lisicheleweshwe, maana mito ya kanda hiyo ndiyo inayonywewa.

Upande wa wingi, rekodi ninayoiamini ni ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2010. Kiwanja cha thoriamu kilitengenezwa ambacho metali yake inaguswa na haidrojeni 15 kwa pamoja. Inawezekana kwa sababu thoriamu ni atomu kubwa na haidrojeni ni ndogo sana. Ili kuzihesabu watafiti walilazimika kutumia nyutroni, kwa kuwa miale ya eksi haizioni haidrojeni vizuri zikiwa karibu na atomu nzito.

Mwenye haraka na asiyebanduka

Ioni changamano nyingi zilizoyeyuka hazikai na ligandi zilezile. Molekuli ya maji inaondoka, nyingine inaingia. Kwa shaba jambo hilo hutokea mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Kwa kromiamu, molekuli moja ya maji hukaa siku zipatazo tano. Kwa rodiamu ni miaka kumi na zaidi.

Bingwa ni iridiamu. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, walichapisha mwaka 1996 kwamba kwa nyuzi 25 molekuli ya maji iliyoishika iridiamu hukaa wastani wa takriban miaka 300. Hawakusubiri miaka hiyo, bila shaka. Walichemsha myeyusho kwa shinikizo, wakaweka alama kwenye oksijeni, wakafuatilia kasi ya ubadilishanaji katika joto kali, kisha wakakokotoa kurudi chini. Kati ya shaba na iridiamu kuna tofauti ya kasi inayozidi 1 yenye sifuri 19, na zote mbili zimeshika kitu kilekile, maji. Sijui jambo jingine katika kemia ya shule linalotanuka kiasi hicho.

Mshiko mkali kuliko wote wa asili

Ligandi nyingine zina sehemu kadhaa za kushikia. EDTA, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1930, ina sita, naitrojeni mbili na oksijeni nne, nayo huikumbatia metali kila upande kama gando la kaa. Faida yake ni kwamba sehemu moja ikiachia, tano zilizobaki zinaizuia metali isiondoke, na ile iliyoachia hurudi.

Umewahi kuiona kazi yake hata kama hukuambiwa. Ukitolewa damu ya kupima wingi wa damu au vimelea vya malaria, hutiwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kwenye kuta zake kuna EDTA iliyokauka. Damu haiwezi kuganda bila kalisi, na EDTA inaikamata kalisi yote iliyo huru. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara hukigeuzageuza kichupa kile taratibu mara tu baada ya kukijaza, dawa iifikie damu yote. Uwezo huohuo hutumika kuondoa risasi mwilini, ila hapo aina ya EDTA ni suala la kufa na kupona: ile isiyo na kalisi huinyang'anya damu kalisi yake, na moyo unaweza kusimama.

Hata hivyo EDTA iko mbali na ubingwa. Kwa chuma kilichopoteza elektroni tatu, uthabiti wake ni takriban 1 yenye sifuri 25. Enterobaktini, inayotengenezwa na bakteria wa kawaida wa utumbo aitwaye *Escherichia coli*, inafikisha sifuri 49. Hakuna ligandi ya viumbe inayojulikana kukishika chuma hicho kwa nguvu zaidi. Wataalamu wataongeza, na ni kweli, kwamba vipimo hivi huchukuliwa ligandi ikiwa imeshaachia haidrojeni zake. Ndani ya mwili, ushindani wa haidrojeni huzipunguza namba zote mbili. Lakini nafasi ya kwanza haibadiliki.

Kwa nini bakteria ahitaji mshiko wa namna hiyo? Kwa sababu mwili wetu unamnyima chuma kwa makusudi. Katika damu chuma kimefungiwa na protini, na kinachobaki huru ni kidogo mno kiasi kwamba bakteria hawezi kuzaliana. Hivyo anatuma enterobaktini nje ikapore. Mwili nao una jibu: chembe nyeupe hutoa protini iitwayo siderokalini yenye kishimo kinacholingana na enterobaktini, ikaimeza pamoja na chuma chake. Kisha Salmonella, vijidudu vya jamii ya homa ya matumbo, wakaja na lao. Wao huipachika enterobaktini molekuli za glukosi, ikawa pana mno, ikashindwa kuingia kwenye kile kishimo. Vita yote hii ni ya kugombea ligandi moja na ioni moja, na ipo kwenye utumbo wa mtu anayeumwa na vijidudu hivyo leo.

Ioni moja, vito vitatu

Kaskazini mwa Tanzania kuna jambo ambalo wanajiolojia hulisema harakaharaka, nami napenda lisemwe polepole. Yakuti nyekundu huchimbwa Mundarara, Longido. Zumaridi ya kijani na aleksandriti, ambayo huwa kijani juani na nyekundu chini ya taa, hupatikana karibu na Ziwa Manyara. Rangi za vito vyote vitatu zinatoka kwenye ioni ileile ya kromiamu, iliyoshikwa na oksijeni sita katika kila kimoja.

Oksijeni zinapoizunguka kromiamu, zinazitenga elektroni zake katika ngazi mbili za nishati. Mwanga unaopandisha elektroni kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu humezwa, na jicho linapata uliobaki. Katika yakuti pengo ni kubwa, mwanga wa kijani na njano unamezwa, nyekundu inapita. Katika zumaridi pengo limepungua kidogo, nyekundu inamezwa, kijani kinapita. Aleksandriti iko katikati, inapitisha kijani na nyekundu karibu sawa, kwa hiyo aina ya mwanga ndiyo huamua. Vitabu vingi vinaeleza kwamba oksijeni za yakuti zimebana zaidi. Uchunguzi wa karibuni unaonyesha umbali kati ya kromiamu na oksijeni ni karibu sawa katika yakuti na zumaridi, na tofauti inatokana na uwanja wa umeme wa ioni nyingine za fuwele zilizo nyuma ya oksijeni. Hata majirani wa majirani wana sauti.

Mabadilishano hatari kuliko yote nyumbani

Chuma kilicho katikati ya hemu, ndani ya himoglobini, kina nafasi sita. Nne zimeshikwa na naitrojeni za hemu yenyewe, ya tano na protini, na ya sita iko wazi kwa ajili ya oksijeni. Mapafuni inapokea, kwenye misuli inaachia. Uzuri wake uko katika kutoshika sana.

Monoksaidi ya kaboni, gesi ya jiko la mkaa lisilopata hewa, hukaa kwenye nafasi hiyohiyo ya sita, na inashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fanya hesabu: hewa ikiwa na sehemu moja ya gesi hii katika sehemu elfu, baada ya muda nusu ya himoglobini itakuwa imetekwa. Haina harufu na haikereketi koo. Kila msimu wa baridi, kwenye nyanda za juu, kuna familia zinazolala na jiko chumbani, milango imefungwa, na haziamki asubuhi. Tiba inafuata kanuni ileile: mgonjwa hupewa oksijeni tupu, wingi wake uisukume gesi itoke. Katika hewa ya kawaida nusu ya gesi huhitaji saa nne au zaidi kuondoka. Kwa oksijeni tupu ni kama saa moja hadi moja na nusu. Jiko la mkaa lisilale ndani. Nalisema hilo bila kupunguza.

Changamano kuliko vitamini zote

Vitamini B12 ndiyo vitamini pekee yenye metali, nayo ni kobalti. Dorothy Hodgkin wa Oxford alilibaini umbo lake kamili kwa miale ya eksi na kulitangaza mwaka 1956, akapata Nobel mwaka 1964. Kuitengeneza kwa mikono ya binadamu kuliwachukua Robert Woodward wa Harvard, Albert Eschenmoser wa Zürich na watafiti wapatao 100 hadi mwaka 1972. Bakteria huitengeneza kila siku. Mimea na wanyama hawawezi.

Ng'ombe huwategemea bakteria wa tumboni mwake, na bakteria hao huitegemea kobalti ya majani. Katika eneo la Nakuru, Kenya, udongo wa volkano wenye kobalti haba uliwafanya mifugo wakonde hadi kufa huku malisho yakiwa tele, na ugonjwa huo ukaingia kwenye vitabu vya mifugo kwa jina la Nakuruitis. Dawa yake ilikuwa chumvi ya kobalti kidogo tu. Kwa upande mwingine, Kolwezi, Kongo, inatoa kobalti kwa maelfu ya tani, na nchi hiyo peke yake huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Mbele ya tani hizo, mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku.

Tofauti ndogo, matokeo makubwa

Platini yenye klorini mbili na amonia mbili ilitengenezwa na Michele Peyrone mwaka 1844. Miaka ipatayo 120 baadaye, katika chuo cha jimbo la Michigan, Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia nondo za platini, akaona wanarefuka bila kugawanyika. Umeme haukuhusika. Platini ilikuwa imeyeyuka kidogo kutoka kwenye nondo na kushikwa na klorini na amonia. Dawa ya sisplatini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1978, na leo hutumika pamoja na mionzi dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi wa Afrika Mashariki kuliko saratani nyingine.

Klorini zake mbili ziko jirani. Ndani ya chembe hai hubanduka, na platini ikazishika naitrojeni mbili za DNA zilizo bega kwa bega, DNA ikapinda. Ukizipanga klorini pande zinazokabiliana, kama Werner alivyofundisha, viambato ni vilevile lakini saratani haitibiki.

Sisplatini huumiza figo, ndiyo maana mgonjwa huwekewa dripu za maji kabla na baada. Wanakemia waliondoa klorini zote mbili na kuweka mahali pake ligandi moja yenye sehemu mbili za kushikia, ambayo hubanduka polepole zaidi. Hiyo ni karboplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989. Metali haikuguswa. Figo zikapata nafuu na mgonjwa hahitaji maji mengi namna ile, ila dawa hii hupunguza zaidi chembe sahani, na kipimo cha damu hufanywa kabla ya kila dozi.